Mti Wangu Kwako, Wako Kwangu

Herufi S niliitambua kabla sijasoma jina. Ilikuwa na tumbo kubwa upande wa chini, kwa sababu mwaka nilioiandika brashi yangu ilikuwa imenyonyoka upande mmoja na sikuwa na nyingine. Cibalonza, binti wa marehemu, alikuwa ameniita chumba cha ndani, pale masufuria ya matanga yalipopangwa kando ya magunia ya makaa, akafungua kitenge kilichokunjwa mara nne na kuniwekea magotini kibao cha bati kipana kama sahani. Kilikuwa na namba 23, jina la marehemu, NSIMIRE, kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, maneno mawili: anachunga Faida. Faida ndiye mimi. "Maman alisema, Faida akikuya siku moja, mumupe," Cibalonza aliniambia, kisha akarudi nje kwa wanawake waliokuwa wakichambua maharage. Mimi ni mtu wa kuuliza. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata malaika wa mauti akija atakuta nimemtangulia na maswali. Lakini siku hiyo nilinyamaza. Kibao kile nilikifunga kwa waya kwenye mti, kwa mikono yangu, nikiwa na miaka ishirini. Nilitaka sana kujua kinafanya nini ndani ya nyumba, na niliogopa kwamba ninajua.

Mwaka ninaousema nilikuwa mwandikaji wa kuta. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika kwenye nyua za watu wa Bukavu: Parsele hii haiuzishwe, yaani kiwanja hiki hakiuzwi. Mgeni hucheka akiyaona maneno hayo, lakini mwenyeji anajua kwamba ua usioandikwa unaweza kuuzwa na mdogo wako wakati wewe uko kanisani unamwombea. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijua hivyo, nikatembea na kopo langu la rangi kwa maringo kama bibi harusi. Ndipo Papa Mugisho akaniita. Alikuwa agronome, mtaalamu wa mimea, mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka, na wakaaji wa avenue moja ya zamani, ile inayoteremka kuelekea ziwani kati ya safu mbili za jakaranda, walikuwa wamemwomba aiponye miti yao. Alihitaji mtu wa kuipa namba. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Asubuhi ya kwanza alinisimamisha mbele ya mti, akaugonga kwa mpini wa nyundo, akaniambia nitege sikio.

"Unasikia nini?"

"Muti, Papa."

"Muti gani? Iko muzima ao iko na shimo mu tumbo? Gonga tena. Usikimbie."

Niligonga tena, na tena, mpaka nikaanza kusikia kweli: mmoja ulijibu kwa sauti nzito kama mtu aliyeshiba, na mwingine, hatua kumi tu mbele, ulitoa sauti ya ngoma. Tangu siku hiyo sikuondoka. Nilijifunza kung'oa misumari ya mabango, na mabango yalikuwa ya kila aina, ya uchaguzi, ya mahubiri, ya dawa za minyoo, yote yamepigiliwa kwenye ngozi ya mti mmoja. Tulivunja saruji iliyomwagwa shingoni mwa mizizi, tukalainisha udongo uliokanyagwa mpaka ukawa kama tofali. Nilijifunza kwamba tawi kavu hukatwa kwanza kwa chini kisha kwa juu, ama sivyo likianguka linachuna ngozi ya shina. Ndani ya shimo la mti namba 31 tulikuta kijiko, rozari na kufuli lililofungwa bila ufunguo. Nililala siku nyingi nikilifikiria lile kufuli. Nani hufunga kufuli halafu akaliweka ndani ya mti?

Saa sita tulikula kwenye depo, gereji ya zamani ya nyumba ya kikoloni ambayo ukuta wake bado ulinuka mafuta ya gari. Miche ilipangwa dirishani, misumeno ilining'inia juu ya vichwa vyetu, na tulikaa kwenye magunia ya samadi, bugali katikati, maharage kando, na siku za Ijumaa sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, vilivyokaangwa mpaka vinalia mdomoni. Aliyetuletea sambaza ni Maman Nsimire. Kila asubuhi alipanda kutoka ziwani na beseni kichwani kwenda kuuza soko la Kadutu, na alipumzika mlangoni kwetu kwa sababu, alivyosema, shingo nayo ni mtu. Alikuwa mwanamke wa kutoka milima ya Walungu, mrefu, mwenye ulimi mkali na mikono isiyotulia, na ndiye aliyejibu swali langu la kwanza kubwa. Nilikuwa nimeuliza nani aliipanda miti hii. Papa Mugisho alisema Wabelgiji. Maman Nsimire alitema mfupa wa samaki.

"Bazungu walipandaka kwa kidole," alisema, akaonyesha kidole kinavyoelekeza. "Hapa, hapa, na pale. Kuchimba, alichimba babu yangu. Walimutoa ku mulima kwa fimbo, akabeba miche ku mugongo. Weye unaandika manamba. Yeye jina yake iko wapi?"

Swali hilo liliniingia kama mwiba. Jioni nilipita avenue nzima nikitazama mashina, na kweli, kulikuwa na namba zangu nyeupe, na majina ya wapenzi yaliyochongwa kwa kisu, lakini jina la mchimbaji halikuwepo hata moja. Wakati huo komite ya wakaaji ilikuwa na shida yake. Safu zilikuwa na mapengo, miche ilikuwa tayari kuyajaza, na kila mti, mkubwa kwa mdogo, ulitafutiwa parrain, msimamizi kama yule wa ubatizo, wa kuuletea samadi, ua wa mianzi, na maji wakati wa kiangazi. Walitangaza makanisani na msikitini. Watu walipiga makofi, wakaenda zao. Ndipo mimi, kwa kichwa changu na mwandiko wangu mzuri, nikasimama kwenye depo na kusema: tuandike majina. Kila parrain awe na kibao chake. Mtu wa Bukavu akiona jina lake limeandikwa hawezi kuliacha likauke.

Walikuja kwa wingi. Wa kwanza alikuwa Papa Ramazani, mfanyabiashara wa vitambaa aliyezaliwa Uvira, mzee mcheshi aliyetaka jina lake liwe kubwa kidogo kuliko la mfamasia jirani yake. Maman Nsimire alichukua mche wa pengo namba 23, karibu na bomba la maji, akauletea majivu na magamba ya samaki kwenye mfuko, na alipouona mti huo mwembamba kama mwiko umefungwa jina lake aliushika shingoni kama mtoto. "Babu, uone," alisema, kisha akajifanya anakohoa. Nami nilichukua namba 9, mwisho wa mteremko. Niliandika vibao vyote kwa wiki mbili, rangi ya chini nyeupe, herufi nyeusi, jina, namba. Sijawahi kuandika vizuri kama vile.

Kosa langu lilikuwa hapo. Macho ya mji wetu yalikuwa yamezoea jina na namba juu ya rangi nyeupe kumaanisha kitu kimoja tu, kwamba udongo una mwenyewe, na ni mimi mwenyewe niliyekuwa nimeyazoesha, ukuta hadi ukuta. Kabla ya mwezi kwisha, Papa Ramazani aliweka viti viwili chini ya mti wake na kuwafukuza wanafunzi: "Kivuli hii iko na mwenyewe!" Mfamasia akazungushia mawe. Mwingine alisimamisha nguzo nne za kioski, na jirani yake akaja na kaka zake wawili kupima kwa hatua, wakabishana kama mizizi inahesabiwa. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa upole kama kibao kinatosha au lazima apate na karatasi. Nilicheka kwanza, Mungu anisamehe. Niliona ni vichekesho vya kwenda kusimulia nyumbani.

Kicheko kiliisha siku niliyotumwa kupeleka barua ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, na mlango wa ndani haukuwa umefungwa vizuri. Sauti moja ilisema kesi za avenue zimejaa mezani. Nyingine ikauliza kesi hizo zinatoka wapi. "Ku miti," ilijibu ya kwanza. "Kila muti iko na jina, kila jina inasema udongo ni yake. Tukate yote. Muti ikianguka, na kesi inaanguka." Wakapanga: kabla ya Pasaka. Niliiacha barua kwenye benchi, nikakimbia mteremko wote, na kila kibao nilichokipita kilinitazama kwa mwandiko wangu. Miti iliyovumilia misumari na saruji miaka yote ile ilikuwa inakwenda kufa kwa sababu ya brashi yangu. Papa Mugisho alikuwa anakula. Nilipomweleza aliweka tonge chini, akalitazama, wala hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Wasimamizi wa miti tuliowaita walikuja depo siku iliyofuata, wakajaza magunia yote na wengine wakasimama. Papa Mugisho alisema dawa ni moja, vibao vitolewe. Zogo likazuka. Kama jina halipo, walisema, wao wamwagie maji mti wa nani? Papa Ramazani alisema ameshawaonyesha wajukuu zake, atawaambia nini? Mimi nilisimama karibu na miche nikitamani ardhi inimeze, mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu walikuwa ile miti. Maman Nsimire alikuwa mlangoni na beseni lake. Alilishusha taratibu.

"Kwetu Walungu," alisema, "mutu akiwa na mbuzi, hachunge yake mwenyewe. Anaiweka kwa jirani, na ya jirani inalala kwake. Munajua juu ya nini?"

"Juu ya wezi," alisema mtu.

"Juu ya yeye mwenyewe! Siku ya njaa atakula yake, hakuna mwenye kumuuliza. Ya mwenzake ataogopa. Basi, majina ibakie. Lakini mutu asiguse muti yenye jina yake. Mimi nachunga wako, weye unachunga wangu. Ukitaka kujenga kioski, muchungaji atakataa. Yeye akitaka kujenga, jina haiko yake. Udongo itabakia ya batu bote."

Wote wakaanza kutafuta tundu kwenye ukuta huo. Papa Ramazani alipata moja. "Na kama muchungaji yangu ni muvivu?"

"Weye unyweshee yake muzuri, asikie haya."

Walicheka, na kwa kicheko hicho wakakubali. Wakaanza kuchaguana wawili wawili, Papa Ramazani na mfamasia, mwenye kioski na yule jirani aliyepima kwa hatua, maadui kwa maadui, kwa sababu adui ndiye asiyelala. Nami nilidhani nitaachwa. Maman Nsimire alininyooshea kidole mbele ya wote. "Mimi nachukua huyu mwenye kuandika. Ni yeye alituletea matatizo, niko nataka nimuone karibu." Nilirudia vibao vyote, nikaongeza kwenye kila kimoja, kwa herufi ndogo, jina la anayechunga.

Watu wa komini walikuja siku yao, na msumeno wao kwenye gari. Walipita mti kwa mti wakiuliza huu ni wa nani, na kila aliyesimama pale alijibu kwamba yeye si mwenyewe, anachunga tu. Mkubwa wao alisoma vibao, akasoma tena, akatabasamu kwa pembe moja ya mdomo. Alisema atangoja kiangazi kipite. Lakini siku atakapomkuta mtu hata mmoja amerudi kwenye mti wenye jina lake, atajua kwamba tulimchezea, na msumeno utashuka kwenye gari. Tuliitika sote. Mimi niliitika kwa sauti kuliko wote.

Juni ikaja, vumbi likaja nayo, na jakaranda changa zikaanza kukunja majani. Nilijaza bidoni yangu, dumu la plastiki, kwenye bomba Jumanne na Ijumaa alfajiri, nikaumwagilia mti wa Maman Nsimire hatua chache tu kutoka hapo. Yeye alijaza yake, akanipita, akateremka avenue yote mpaka namba 9. Tulitaniana njiani. "Wako iko na kiu sawa weye iko na maswali," aliniambia. Nilimuuliza kila kitu: kama babu yake alirudi Walungu, alikufa na nini, kama aliwahi kuiona miti ikitoa maua. Alisema alirudi mara moja akiwa mzee, wakati wa maua ya zambarau, akasimama juu kabisa ya mteremko, akasema: kumbe ilikuwa kwa ajili ya hii. Basi hivyo tu. Nimeligeuza neno hilo miaka yote na bado sijui kama alisema kwa furaha au kwa uchungu. Maman Nsimire naye hakujua.

Katikati ya Julai ndugu yake Papa Ramazani aliniletea kazi Uvira, mtaa mzima wa maduka yenye kuta tupu. Lori lilikuwa linaondoka kesho yake. Kwenda kumuaga Maman Nsimire ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na sikwenda, kwa sababu nilijua angeniuliza swali moja tu: na muti? Nilijiambia ni wiki mbili. Nilijiambia labda mvua itawahi. Uvira nilipata kazi, nikapata mume, nikapata watoto, kisha barabara ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na mtu akishakawia vya kutosha aibu yenyewe humzibia njia. Kila nilipokutana na mtu wa Bukavu nilimuuliza habari za sukari, za bei ya nyumba, za ziwa. Mimi, mtu wa maswali, swali hilo sikuliuliza kamwe.

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Maman Nsimire, yaliyonirudisha Bukavu, nilimwambia Cibalonza anipeleke kwenye avenue. Avenue ilikuwa imesimama. Vigogo vilikuwa vinene, matawi yameshikana juu, na nilipougonga wa kwanza kwa ngumi ulinijibu kwa sauti nzito. Vibao vingi vimeliwa na ngozi ya miti, unaona herufi mbili tatu tu zinachungulia. Tuliteremka mpaka namba 9. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoweza kuukumbatia, na katika shina lake kipande cha bati kilikuwa kimebaki, FAI, basi. Chini yake udongo ulikuwa umelainishwa karibuni.

"Maman alikuwaka anafika hapa kila juma," alisema Cibalonza. "Hata kama haikuhitaji tena maji. Alikuwa anang'oa misumari."

"Na wa kwake?"

Tulipanda tena mteremko. Karibu na bomba, kati ya namba 22 na namba 24, kulikuwa na pengo, na jua lilikuwa linapita hapo mpaka chini. Cibalonza alisema mti ulikauka Agosti ile ile. Yeye alikuwa msichana mdogo, na alimwomba mama yake amruhusu amwage kikombe kimoja tu, alfajiri, watu wakiwa wamelala.

"Akakataa. Akasema, weye ni damu yangu, ni sawa ni mimi. Nikimwagia yangu mara moja, kesho Papa Ramazani atarudia ku yake, na kesho kutwa msumeno iko hapa. Alikuwa anajaza bidoni hapa, anapita karibu yake, anaenda ku yako."

"Kwa nini hakumpa mtu mwingine auchunge?"

"Batu walimuuliza. Alisema iko na muchungaji. Alisema, atarudi."

Nililia pale pale bombani, mwanamke mwenye wajukuu, na wasichana waliokuwa wanachota maji wakasogeza bidoni zao wanipishe. Kila Jumanne na Ijumaa ya Julai ile na Agosti ile alipita na maji yangu mkononi mbele ya mti wake unaokufa, mti aliomwonyesha babu yake, ili avenue yote ibaki. Sikuwa hata na kisingizio cha kutojua, kwa kuwa niliitika kwa sauti kuliko wote.

Depo bado ipo, na miche bado hupangwa dirishani, ingawa mikono ni mingine. Waliniambia huu si wakati, mti haupandwi kiangazi, mama, rudi mvua ikianza. Nilichimba hata hivyo, mgongo ukilia, Cibalonza akinishikia mche. Nilipomaliza kufunga mianzi nilikitundika kibao vile vile kilivyokuwa, na S yake yenye tumbo, na jina langu chini. Cibalonza alijipangusa vumbi, akanitazama.

"Weye unakaa Uvira. Kesho nani atanyweshea? Mimi siwezi. Ni damu yake."

Nilijaza bidoni, nikaimwaga taratibu ili udongo uinywe bila kuteremka na njia. Kisha nikampigia simu mwanangu aliye Uvira, nikamwambia asinisubiri, sirudi mpaka mvua ianze.